Rafu Moja ya Madam Rispah

Tarehe 30 Juni, Madam Rispah Kemunto, mkutubi wa Kituo chetu cha Lugha hapa Braamfontein, anastaafu baada ya miaka ishirini na sita ya utumishi. Kwa kawaida ukurasa huu wa programu ya sherehe huandikwa kwa raha, mwandishi akiwaza keki. Mimi Lynette wa idara ya tafsiri nimeuandika roho ikiwa juu, na yeyote aliyepita kituoni mwezi huu anajua sababu. Mchana tunamuaga Madam ukumbini. Jioni gari la mizigo linakuja kuchukua vitabu alivyokusanya maisha yake yote ya kazi, na mpaka ninapoandika haya hatujui ni vingapi vitakavyobaki.

Wageni wetu wangependa kujua alianzaje. Alikuja kutoka Kisii akiwa mpiga chapa, akaajiriwa kuchapa tafsiri za vyeti vya kuzaliwa na vya ndoa vya watu wanaotafuta makaratasi mjini humu. Chumba cha nyuma kilikuwa ghala la viti vilivyovunjika. Aliomba ufunguo apate mahali pa kulia chakula chake bila kelele zetu, akaingia na kitabu kimoja, kesho yake na kingine, na tulipokuja kushtuka tulikuwa na maktaba ambayo hakuna mkubwa aliyeiidhinisha. Ikabidi apewe cheo, naye akasomea ukutubi jioni baada ya kazi. Leo wanafunzi wa chuo kikuu jirani huja kwake, na Jumamosi huketi na watoto wetu waliozaliwa hapa, wale wanaoelewa Kiswahili chote cha mama zao lakini hujibu kwa Kizulu. Huwasomea mpaka penye utamu, akafunga kitabu, akaenda kupika chai. Akirudi huwakuta wanakigombania.

Kwa watu wazima alikuwa mkali zaidi. Ukimwambia huna muda wa kusoma, alikuuliza simu yako inalala wapi. Ukijibu kwamba inalala kando ya mto, alikuamuru simu ikalale jikoni na kitabu kipewe kitanda. Ahadi za mwaka mpya hakuzitaka. Alitaka kurasa chache kila siku, wakati uleule na mahali palepale, hata siku ya msiba, tena hasa siku ya msiba. Wala hakumlazimisha mtu kumaliza. "Kitabu si mume," alizoea kusema. "Kikikuchosha kiache, hakuna wazee watakaoitwa kikao."

Kuhusu kuchagua, Madam hakuwa na huruma. Vitabu vinavyoahidi utajiri kabla ya Krismasi aliviweka chini kabisa, ili anayevitaka ainame. Alitufundisha kusoma ukurasa wa kwanza, kisha mmoja wa katikati, kwa sauti. Alisema kwamba mwandishi hujipamba ukurasa wa kwanza kama mtu anayekwenda kuposa, na kule katikati ndiko utakakomkuta amevaa kandambili. Ukimpenda hivyo, mchukue. Waliokuwa wakimtania walimwambia mchagua nazi hupata koroma. Alijibu kwamba nazi hununuliwa kwa kutikiswa, na kutikisa ndiko alikokuwa akitufundisha.

Neno moja tu lilimkera: nimesoma. Kwa Kiswahili chetu kwenda shule ni kusoma, na kufungua kitabu pia ni kusoma, na hapo ndipo wasomi wetu wanapojificha. Mwenye shahada atakuambia amesoma, na ni kweli, ila tangu siku aliyovaa joho hajapitisha macho kwenye kitu kirefu kuliko ujumbe wa WhatsApp. Madam hakupokea jibu hilo. Alimuuliza tena akitilia mkazo kiambishi -na-: unasoma nini? Kituo kizima cha walimu wa sarufi kilipata tabu na kiambishi hicho.

Mwezi wa tano mkurugenzi wetu, Bwana Kiplagat, alitangaza kwamba chumba cha maktaba kitageuzwa studio. Mahakama na hospitali sasa zinataka wakalimani kwa njia ya video, na hatuna chumba kingine kilicho kimya. Sababu ilikuwa ya haki, na hilo ndilo lililotuuma, kwa kuwa hatukuwa na wa kumlaumu. Vitabu vyote vitaondolewa siku Madam anayostaafu, isipokuwa vitakavyoenea kwenye rafu moja ukutani mwa korido. Achague yeye vya kubaki.

Hakuchagua. Wiki mbili alipangusa vumbi tu, sisi tukangoja, na kungoja kukatuharibu. Wakongo walitaka vya Kifaransa vibaki. Watanzania walisimama na kamusi. Sisi Wakenya tukasema kamusi zote ziko kwenye simu, tukapewa jibu ambalo siwezi kuliandika kwenye programu ya sherehe. Jikoni kila mmoja alichemsha maji yake. Mkalimani wetu mkuu, Papa Octave wa Lubumbashi, mtu mpole anayepiga pasi hata leso ya kupengea kamasi, alimgongea mkurugenzi meza. Baridi ya Juni iliingia, na hakuna aliyemwomba mwenzake asogeze hita. Niliogopa sana kwamba Madam angeondoka akituacha maadui.

Ndipo alipobandika tangazo mlangoni. Ijumaa, kila mtu alete kitabu kimoja anachokisoma sasa, asimame mbele ya wenzake, aseme amefika wapi na kwa nini kibaki. Kitakachotetewa kitakaa rafuni, kisichokuwa na msomaji kitapanda gari.

Papa Octave alitangulia. Alikuwa na riwaya nene ya Kifaransa, toleo la kale, aliyoiazima zamani ikakaa mezani kwake mpaka tukaizoea kama sehemu ya meza. "Hii kitabu njo ya maana kupita yote humu," alisema kwa Kiswahili cha Lubumbashi, akaisifu kwa ufasaha hata waliokuwa wamenuna wakasogeza viti. Madam akaomba aione. Wasiojua waelewe kwamba zamani vitabu vingi vya Kifaransa viliuzwa kurasa zikiwa zimeshikana ukingoni, na msomaji ndiye aliyezitenganisha kwa kisu kadiri alivyosonga mbele. Sura ya kwanza ilikuwa imekatwa. Kurasa zilizofuata, mpaka jalada la nyuma, zilikuwa bado zimeshikana kama zilivyotoka kiwandani.

Debe tupu haliachi kuvuma, wasema wahenga, na siku hiyo kila debe lilijijua. Vitabu tulivyokuwa tumevishika kifuani vilianza kuteremka polepole hadi magotini. Papa Octave alibaki amesimama, jasho linamtoka katika baridi ile, na mimi nilitamani umeme ukatike ili asionekane.

Madam alikwenda jikoni, akarudi na kisu cha mkate, akampa pamoja na riwaya yake. "Papa Octave, kata," alimwambia. "Tunakungoja." Alikata ukurasa, akausoma kwa sauti katika lugha ambayo nusu yetu hatuijui, akakata wa pili. Kwenye wa tatu sauti ikafifia, tukadhani aibu imemshinda. Kumbe alikuwa ametusahau. Midomo inacheza, macho yanakimbia, mtu anasoma.

Waliofuata wengi waliomba radhi na kuketi. Héritière wa mapokezi alitetea kitabu chembamba cha hadithi za wanyama anachosoma na binti yake. "Eish, maneno mengine nayaruka," alisema, "lakini tunasogea, na mtoto ndiye ananikumbusha tulipoishia." Mwisho aliinuka Bwana Kiplagat, nasi tukajiandaa kwa hotuba ya studio. Akatoa mfukoni mwa koti mkusanyiko mdogo wa hadithi za Kiswahili, uliopoteza jalada, anaousoma asubuhi kwenye treni ya kutoka Sandton. Alitusimulia hadithi aliyofikia, mpaka pale mjane anapokataa kufungua mlango, akakatiza. "Sijui bado ni nani anayebisha," alisema. "Chumba nitakichukua, Madam, sikufichi. Lakini hiki naomba kisiende." Nilikuwa nimemchukia mtu huyo mwezi mzima, na chuki ikaniponyoka palepale.

Tulipomaliza, rafu tuliyoipigania wiki mbili haikufika hata nusu.

Madam alipitisha kiganja kwenye ubao ule mtupu. Alilia, wala hakujificha. "Niliwaazima vitabu," alisema, "sikuwauliza mmefika wapi." Maneno hayo yalituchoma kuliko matusi, maana kosa halikuwa lake. Kisha akajifuta kwa ncha ya mtandio na kumgeukia mkurugenzi kwa ombi jipya: mpaka gari lije, kila kitabu kinachosomwa kibaki, na rafu moja ikijaa ipigwe nyingine chini yake. Bwana Kiplagat alikubali mbele yetu sote. Jumatatu alikuja na drili yake kutoka nyumbani.

Tangu hapo hakuna anayetulia. Watu wanasoma ndani ya mabasi, kwenye foleni ya benki, na dereva wetu amepigiwa honi mara mbili kwenye robot, yaani taa za barabarani, ilhali ni kijani. Jikoni chai imerudi kuwa ya birika moja, kwa sababu kila mtu anataka kujua mwenzake amefika wapi. Papa Octave hutembea na kile kisu kwenye mkoba, na amelazimika kujieleza kwa walinzi wa mahakama. Kila asubuhi Madam hupita meza kwa meza. Ukimdanganya, anafunua kitabu chako na kukutaka useme nini kinaendelea hapo. Nimeona vitabu vikirudishwa kwenye maboksi yanayongoja gari, mbele ya wenyewe, kwa uchungu, na wenyewe wakienda kutafuta vingine. Rafu ya kwanza imejaa. Ya pili inakaribia. Lakini maboksi bado yanafika usawa wa dirisha, sisi ni wachache, na siku zetu zimekwisha.

Madam Rispah, tunakushukuru kwa kutukera kwa upendo. Umetupa kazi ya kufanya baada yako, na wastaafu wengi huacha saa ya ukutani tu. Tunakuombea Kisii yenye mvua ya kutosha, macho yasiyochoka, na umeme usiokatika katikati ya sura. Ukae vizuri na wajukuu, na wakikulalamikia ukali wako, watume kwetu tuwape pole.

Nanyi wageni mliokaa ukumbini na karatasi hii mkononi: ratiba inasema hapa tupige makofi. Madam ameomba tusipige. Tumeyafungua maboksi yote na kuyapanga nyuma yenu. Kitabu mtakachokipenda, mwandikisheni Héritière majina yenu na mwende nacho nyumbani mkakisome, gari halitakigusa. Geukeni sasa, msiogope kusukumana. Anzeni na boksi lililo karibu na mlango, maana hilo ndilo litakalobebwa kwanza.