Waliokaa Chini Uhud

Assalaam alaykum dada zangu, na wenzetu mnaosali kwa Yesu karibuni pia, chai ni moja. Sijazoea kusimama nikasikilizwa. Kwa madam nilizoea kusimama mlangoni nikingoja kutumwa.

Nilikuwa mfanyakazi wa ndani hapa Jeddah, mtaa wa Al-Safa. Mkataba umekwisha, mama yangu mgonjwa Malindi, kila nikipiga simu swali lake ni moja: unakuja lini? Nikamwomba madam ruhusa ya kurudi kwetu. Akasema sawa, lakini kwanza nikamsaidie dada yake Riyadh, amejifungua. Ndugu zangu, mnaijua habari ya kuazimwa. Unatolewa kama sufuria ya harusi, na ikama yako, kibali cha kuishi, bado ina jina la kafili mwingine, mwajiri aliyekudhamini, mji mwingine. Ungekataa vipi? Dereva wao, Mkenya mwenzetu wa bara, ndiye aliyenipeleka stendi.

Kichanga cha Riyadh kilikuwa kimeanza kutambaa nilipopigiwa simu na rafiki: kafili wako, mume wa madam, amekuandikia hurub. Yaani serikalini mimi ni mtoro, nikionekana nikamatwe. Mtoro! Mimi niliyetumwa!

Nilivunjika, nawaambia. Nilikaa sakafuni jikoni, sili, sisali. Mama akipiga simu sipokei. Ningemwambia nini?

Mpishi wa nyumba ile, mama wa Kizanzibari, aliniacha nilie mpaka nikachoka. Kisha, huku anamenya vitunguu, akaniuliza kama naijua habari ya vita vya Uhud. Nikasema naijua, wapiga mishale waliacha kilima wakafuata ngawira, ushindi ukageuka. Akasema hiyo ni nusu. Vita vilipogeuka, uvumi ulienea kwamba Mtume ameuawa, na wanaume mashujaa wakatupa silaha wakakaa chini. Mtu mmoja akawapitia, akawauliza wamekalia nini. Wakasema Mtume ameuawa. Akawaambia basi inukeni, mfie lile alilolifia yeye. Akaingia vitani, hakurudi.

"Ule ulikuwa uvumi tu," nikamjibu kwa hasira. "Yangu ni kweli."

"Kwani yule bwana alijua kuwa ni uvumi?" akasema. "Hakujua. Kanyanyuka hivyo hivyo. Na kesho yake wakaitwa tena, majeraha mabichi, wakenda. Wewe miguu yako mizima, mwanangu. Wataka nikubebe?"

Nikanyanyuka. Nilikwenda Batha, kwenye mabasi pale Riyadh, nikapanda basi la Jeddah, roho mkononi. Askari akikagua ikama njiani, halas. Waliingia kweli, wakaangalia viti vya mbele, wakashuka. Wallahi sijawahi kuogopa vile.

Nilipofika Jeddah nikapeleka malalamiko ofisi ya kazi. Mbele ya maafisa, kafili alisema nilitoroka. Dereva wake alikuwa kasimama nyuma yake.

"Mimi ndio nilimpeleka stendi," akasema. "Madam alinituma. Bosi, nisamehe, lakini siwezi danganya."

Hurub ikafutwa. Dereva siku hiyo hiyo akaambiwa yalla, fungasha.

Na mama? Mama alifariki kesi ikiwa bado inasikizwa. Nasema mwenyewe, nisiulizwe. Kuna siku namlaumu madam, na kuna siku, astaghfirullah, namlaumu Mungu. Nilikuwa nikidhani imani ni kushinda. Uhud hawakushinda, dada zangu. Walizika wapendwa wao, kisha wakatoka tena.

Namshukuru yule mpishi. Namshukuru dereva, ambaye hajui hata Uhud iko wapi, lakini siku ile aliinuka wakati mimi nimekwisha nguvu. Mungu amfungulie mlango mwingine. Na nyinyi mlionipokea kesi ikiendelea, mkalala chini ili mimi nipate godoro, sina cha kuwalipa.

Pengine yuko mmoja hapa ameletewa habari mbaya, amekaa nayo. Lia kwanza, hakuna atakayekukataza. Lakini usingoje ujue kama ni kweli au uongo ndipo uinuke.

Ndege yangu ni Jumapili. Nitafika Malindi nikae kaburini, nimwambie mama nilikuwa njiani.