Fundi Meno, Aliyeogopa Pango

Kaka yetu mpendwa, ambaye wengi wenu mlimwita Fundi Meno na mkewe alimwita Fundi tu, alizaliwa alfajiri ya tarehe 9 Machi 1961, mtoto wa kwanza wa mpiga chapa na mkunga. Nyumba ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vitambaa. Marehemu mama alipenda kusimulia kwamba mtoto alitoka amefumba macho kwa nguvu zake zote, akayafungua siku ya pili baada ya kuhakikisha hali ni shwari. Ndivyo alivyokuwa maisha yake yote. Kaka alikuwa mwoga, na mwenyewe alilikubali hilo bila kinyongo.

Alisoma shule ya msingi mtaa wa nyuma, kisha shule ya ufundi hadi mwaka 1978. Alikuwa hodari wa kuchora na kuchonga. Kwenye bwawa la shule aliogelea upande wa maji mafupi, peke yake, kwa heshima zote, huku sisi wadogo zake tukipiga mbizi upande wa pili. Alipoulizwa, alijibu kwamba maji ya huku ni safi zaidi.

Mwaka 1980 aliingia karakana ya meno bandia iliyokuwa nyuma ya kliniki, na hakuihama tena. Alimimina plasta, akachonga nta, akapanga meno moja moja na kuyasugua mpaka mwenye nayo akasahau kwamba hakuzaliwa nayo. Mkono wake wa kulia haukujua kutetemeka. Wapo hapa leo wanaotafuna kwa kazi ya mkono ule. Hatutawataja. Wao wanajijua, na sisi tunawajua.

Ilikuwa pale karakana, mwaka 1986, alipoingia dereva wa lori la saruji, mwanamke, jino la mbele limevunjwa na spana. Kaka akamtengenezea jino, likamkaa sawasawa siku ya kwanza. Hata hivyo alimwita arudi likatazamwe. Akamwita tena. Akamwita tena, mpaka yule dereva akaweka funguo za lori mezani na kusema: "Fundi, jino halina shida. Mwenye shida ni wewe. Haya, sema." Kaka akasema. Walifunga ndoa tarehe 14 Mei 1988, wakajaliwa binti mmoja. Yeye alimwita mkewe Dereva mpaka mwisho.

Harusini, shemeji yetu baharia aliwapa zawadi ya mashine ya gemu na kaseti moja. Ndani yake kijana mdogo mwenye taa anatoka shambani asubuhi, mawingu yakipita taratibu, anavuka msitu, anaingia pangoni, na ng'ambo ya pango kuna ngome ambayo hakuna mtu mtaani aliyewahi kuiona. Lilikuwa gemu gumu kupita kiasi. Halikukumbuka ulipofikia; ukizima, unaanza upya shambani. Kaka alilipenda shamba lile mno, akimtembeza kijana wake humo alasiri nzima. Lakini akifika mdomoni mwa pango muziki unabadilika, unashuka na kuwa mzito, na hapo kaka anazima na kusimama.

"Nasikia maji yanachemka," anasema.

"Jiko limezimwa, Fundi," anajibu mkewe bila hata kugeuka.

Tulimcheka sana. Ukoo mzima ukaichukua kauli hiyo: mtu akiogopa sindano au mtihani, anaulizwa kama maji yameanza kuchemka. Baadaye mtoto akazaliwa, kazi zikazidi, na mashine ikapandishwa juu ya kabati chini ya mablanketi.

Tarehe 2 Februari 2021 alipata kiharusi akiwa kazini. Upande wake wa kulia ukalala. Mkono ule uliotengeneza tabasamu za watu ukawa unakaa mapajani kama mgeni. Tusifiche: kaka alilia, na kwa miezi mingi hakutaka kuonana na mtu. Mtaalamu wa viungo alipoagiza mkono wa kushoto upewe shughuli, binti yake akaishusha mashine. Ila pedi ya gemu inataka mikono miwili, wa kushoto unaelekeza na wa kulia unaruka. Basi Dereva, aliyekuwa amekwisha kustaafu, akaketi kuliani kwa mumewe, bega kwa bega, akashika nusu yake.

Mwanzoni zilikuwa vurugu tupu.

"Ruka!"

"Nimeruka!"

"Umeruka tukiwa tayari shimoni! Leseni ulipewa na nani?"

"Na wewe unakwenda kama mtu aliyesahau mzigo stendi!"

Polepole mikono ikazoeana, wakaacha kuambizana. Nje kuwe na mvua au jua, pale kochini ilikuwa asubuhi. Kaka alianza kuliota shamba. Akiamka alitusimulia kwamba huko anatembea kwa miguu yote miwili, kwamba majani yake ni ya mraba na hayachomi, na mawingu yanarudi yale yale wala hayachoshi. Siku nyingine hakuwa na hakika kama alikuwa ameota au alikuwa amecheza, na hakuna aliyemsahihisha.

Alasiri moja muziki ukabadilika. Kaka akamgeukia mkewe. "Dereva. Maji yanachemka."

Safari hii Dereva hakutaja jiko. Alisema, "Nenda tu. Mimi niko kwenye kuruka."

Wakaingia. Walikufa mle pangoni mara zisizo na idadi, wakarudi shambani, wakaingia tena. Mwezi Julai 2023 wakalipita. Ng'ambo palikuwa na anga ya zambarau, na ngome, na muziki mpole ambao hatukuwahi kuusikia. "Kumbe huku kuzuri hivi," alisema kaka.

Jioni ya tarehe 17 Agosti walifika kwenye mlango wa mwisho wa ngome, kijana wao amebakiwa na roho moja. Kaka alikuwa amechoka. Alimwomba mkewe wasimamishe gemu hapo, watalimaliza kesho. Kabla ya chakula akapata kiharusi cha pili, tukamkimbiza hospitali. Mashine ilibaki inawaka sebuleni, kijana na taa yake mbele ya mlango, na Dereva akakataza mtu yeyote asiiguse.

Asubuhi ya tarehe 19 kaka alifumbua macho. Ulimi ulikuwa mzito, lakini tuliokuwepo tulimsikia akimwambia mkewe kwamba maji yanachemka. Dereva alihamia kuliani kwa kitanda, akaushika ule mkono uliolala. "Nenda tu, Fundi," alisema. "Mimi niko kwenye kuruka." Saa tatu na robo akatutoka, macho yakiwa wazi, uso hauna hofu.

Leo kabla hatujatoka nyumbani, Dereva aliizima mashine kwa mkono wake mwenyewe. Binti yake akashtuka: "Mama! Mlikuwa mmebakiza mlango mmoja!"

"Ule ameshaupita," alijibu. Kisha akaiwasha tena, shamba likatokea, na kijana mwenye taa akasimama kwenye jua la asubuhi, mawingu yakipita juu yake. Dereva aliketi upande wake wa kochi na hakubonyeza kitu. Tumemwacha kijana hapo, amesimama.

Marehemu ameacha mjane, binti, mkwe, wajukuu wawili, wadogo zake watatu akiwemo dada yake anayewasomea haya, na vinywa vingi vyenye shukrani.

Kaka, jiko limezimwa. Pumzika.