Miguu Nje ya Friji

Ndani ya basi la Cleveland, Lorraine alikuwa amepakata mkanda wa video aliokodi dukani kwa mara ya tisa, ule wa filamu ya friji linalokula watu. Mzee aliyekaa kando yake aliutupia jicho, akasonya.

"Mtu mzima na akili zako unatazama takataka hiyo? Damu yenyewe sosi ya nyanya!"

"Ndiyo utamu wake, mzee wangu. Nyumbani tunacheka mpaka machozi."

"Mnachekea ujinga. Kuna mmoja humo hata kufa hajui."

"Yule polisi? Huyo ndiye kipenzi chetu! Friji linammeza, miguu inabaki nje inatapatapa. Watu wameirudisha sehemu hiyo mpaka mkanda umelika, picha inarukaruka."

Mzee alinuna kama aliyetukaniwa mama. "Hakuwa akiigiza. Mlango ulimbana nyonga, anapiga kelele wamtoe, na wao nyuma ya kamera hawana mbavu kwa kicheko."

"Umejuaje wewe?"

Basi lilisimama. Mzee alijiinua kwa mkongojo, akachechemea hadi mlangoni.

"Miaka kumi na miwili," alisema akishuka, "hakuna hata mmoja aliyeniuliza kama niliumia."