Mtahiniwa wa Kifungo cha Maisha: Historia ya Marehemu Mashimba Lugembe

Ndugu waombolezaji, mimi ni Dorotea, mdogo wa marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha ya kaka yetu, Mashimba Lugembe, ambaye wengi wenu hapa Bujora mnamjua kwa jina tu.

Alizaliwa hapa tarehe 14 Machi 1961, akasoma hadi darasa la pili, kisha baba akamtoa shule akachunge ng'ombe, na mwaka 1984 alifunga ndoa na Paskazia, wakajaliwa mtoto mmoja, Rose, huyu aliyeketi mbele.

Tarehe 2 Agosti 1989, katika ugomvi wa kunywesha ng'ombe, alimpiga jirani yetu Chenge fimbo ya kichwa, naye akafariki. Wapo walionishauri niiruke sehemu hii, lakini marehemu mwenyewe aliniagiza, "Isome, mdogo wangu, ni kweli nilimuua." Alihukumiwa kunyongwa, hukumu ikabadilishwa kuwa kifungo cha maisha, na Paskazia akarudi kwao.

Alijifunza kusoma gerezani akiwa na miaka arobaini na mitatu, akifundishwa na mfungwa mwenzake, Josephat, akawa anasoma kila karatasi iliyomfikia, hata gazeti lililofungiwa sabuni, na mwaka 2016 akafanya mtihani wa kidato cha nne. Somo alilolipenda ni jiografia, lakini ramani ni marufuku kule, hata niliyompelekea mimi nilirudishwa nayo getini, hivyo alisoma habari za mito na milima miaka sita bila kuona ramani, mpaka siku ya mtihani alipopewa moja kwa muda wa saa tatu, kisha wakaichukua. Nilipokwenda kumwona aliniambia, "Nimetembea, Dorotea. Zamani ukuta ulikuwa ukuta tu, sasa najua kilichoko nyuma yake, na usingizi umenikimbia." Alifaulu. Aliandika kwa Rais kuomba msamaha mara nne, hakujibiwa.

Aliugua figo Januari 2024, akalazwa, mguu ukiwa umefungwa kwa pingu kitandani, akafariki tarehe 9 Juni, saa nne asubuhi, na hapo ndipo askari alipomfungua.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Bujora na wa Igogo anakoishi Rose, na watoto wa Chenge, mmekaa nyuma lakini tumewaona. Wafanyakazi wenzake wa kuwashukuru hana, ila ana wanafunzi kumi na tisa aliowafundisha kusoma kule gerezani, barua yao ya rambirambi imefika, wao hawakuruhusiwa kuja.

Kaka, umefika nyumbani. Pumzika.