Mlango wa Kanisa la Zamani

Kijiwe chetu kinatazamana na kanisa lililofungwa zamani, kwenye kona ya maduka ya vitambaa. Parokia ilipohama, jengo likawa ghala la magodoro, kisha likakaa tupu hadi majuzi, mafundi walipoanza kulipaka rangi. Ndipo ubishi ukazuka: waumini walihama kwa nini?

Kinyozi alisema kengele ilikuwa nzito mno, ikapasua ukuta. Fundi Saa akamkatalia. Alisema padri alichoshwa na makelele ya maduka, akaomba uhamisho. Mzee Honi, dereva mstaafu wa malori, akatupita wote: chini ya altare kulikuwa na mto, na siku moja maji yakapanda hadi kwenye viti.

— Uliyaona? Kinyozi akauliza.

— Nilikuwa safarini. Ila aliyenisimulia alikuwa bado amelowa.

Tulikuwa tunacheka alipofika mama mmoja amemshika mkono mama yake, bibi mzee asiyeona. Tukamwamkia bibi. Binti yake akauliza:

— Samahanini, mlango wa kanisa unaofunguka ni upi?

Tukatazamana. Miaka yote ile, hakuna aliyewahi kuvuka barabara akajaribu hata mmoja.

Kinyozi akainuka.

— Twende, bibi. Tutagonga yote.

Wa ubavuni ulifunguliwa na mwalimu mwenye rangi mikononi. Alikuwa anaandaa shule ya chekechea, akatukaribisha. Bibi akapapasa nguzo ya kwanza, ya pili, kwenye ya tatu akasimama. Alisema hapo ndipo alipokuwa akisimama na kwaya, tangu usichana.

Fundi Saa hakuvumilia, akamuuliza kilichowahamisha.

— Nyumba zetu ziligeuzwa ofisi, mwanangu, tukahamia pembezoni. Mwisho padri akawa anahubiria viti. Hakuna aliyetufukuza.

Bibi akavuta pumzi, akaimba mstari mmoja. Sauti ilikuwa nyembamba, lakini paa liliipokea likairudisha nene, kama kuna watu wengine juu. Mzee Honi akavua kofia. Binti akageukia ukutani. Alitunong'oneza kwamba mama yake hakuwa ameimba tangu wamzike baba.

— Mwalimu, bibi akasema, hao watoto watakuwa na mtu wa kuwafundisha nyimbo?

Mwalimu akajifuta mikono, akaenda kumletea kiti. Vilivyokuwapo vyote vilikuwa vya watoto, vifupi. Bibi akakipapasa, akacheka, akaketi.