Bi. Yudith Senkondo na Maji ya Mgongo wa Bahati

Wapendwa watumishi wenzangu wa hospitali na zahanati zetu, Bwana asifiwe. Hamjambo huko mliko? Wa Hedaru, joto halijawachosha? Na ninyi wa Mhezi, vifua vinaendeleaje na baridi hii ya Juni? Sisi hapa hatujambo kwa neema ya Mungu, ila mioyo ina uzito kidogo.

Tarehe 30 Juni 1998 Bi. Yudith Senkondo, msaidizi wetu wa maabara, anastaafu baada ya miaka thelathini na miwili ya kazi.

Aliingia mwaka 1966 kuosha chupa. Siku moja daktari wa wakati ule alimkuta anachungulia darubini, jicho la pili amelifunika kwa kiganja, na badala ya kumfukuza akamfundisha. Ile miaka ya shida, sabuni ilipoadimika, alisugua chupa kwa majivu, na majibu ya vipimo akayaandika nyuma ya pakiti za majani ya chai. Nyumbani kwake walikula mapema kabla jua halijazama, kwa kuwa mafuta ya taa aliyoyapata aliyaleta kuendeshea friji la maabara. Hakumwambia mtu. Mumewe ndiye aliyetuambia, tena kwa kujivunia.

Lakini mimi nataka niwasimulie habari ya Bahati, maana niliiona kwa macho yangu.

Bahati alitoka Kigoma akiwa kijana kuja kukata mkonge huko chini tambarare. Mwaka 1996 shamba lilikuwa limepata mwenyewe mpya, na watu walikuwa wakipunguzwa. Ndipo miguu ya Bahati ikaanza kufa ganzi na kulegea. Msimamizi akasema, "Huyu kazini kilema, kwenye ngoma mzima!" Akapewa miezi mitatu. Asipoleta uthibitisho aondoke, pamoja na mke na watoto wanne, kwenye nyumba ya shamba.

Daktari wetu Asheri alimpima, akaamini ni neva. Lakini kuamini si kuthibitisha. Wakati huo walikuwapo watafiti Moshi waliopokea maji ya uti wa mgongo na kuyapeleka ng'ambo kupimwa protini fulani. Protini hiyo ndiyo inayojenga nyuzi za ndani ya neva. Nyuzi zikiumia, huvuja na kuingia kwenye yale maji. Ikionekana nyingi, ni dalili kwamba neva zinaharibika. Sharti moja tu: maji yafike yakiwa baridi.

Basi Bahati akachomwa sindano ya mgongo, mimi nikimshikilia ajikunje. Aliumia sana. Bi. Yudith akatia vichupa na barafu kwenye chupa ya chai, akateremka Hedaru kungoja basi la Moshi. Basi likachelewa, akapumzika kwa Bi. Salha, mwenye duka la kanga. Alipotoka kuulizia usafiri, Bi. Salha akaifungua ile chupa, akamhurumia mgeni wake. Akavitoa vichupa, akaviweka dirishani juani vikauke vizuri, akaisuuza chupa. Bi. Yudith aliporudi alipokewa kwa furaha: "Mwenzangu, safari ndefu hii, unabeba maji ya baridi matupu? Nimekutilia chai ya tangawizi!"

Bi. Yudith alikaa, akanywa kikombe kizima, akashukuru. Kisha akapanda lori la kurudi mlimani. (Bi. Salha alikuja kuambiwa mwaka uliofuata. Alicheka mpaka akalia, na ndiye aliyenipa ruhusa ya kuyaandika haya.)

Bi. Yudith angeweza kumwambia mgonjwa kwamba watafiti wameomba mengine. Sisi wengine tulimshauri hivyo. Alikwenda akaketi kitandani, akasema, "Baba, maji yako yameharibika mikononi mwangu. Naomba unisamehe."

Bahati akamjibu, "Mama, mgongo wangu umekuwa kisima cha kijiji? Haya, choteni. Ila mkimwaga tena, mtajichota wenyewe!"

Safari ya pili aliipakata chupa mpaka Moshi, akakataa hata kuiacha ashuke kujinyoosha.

Majibu yalikuja zikiwa zimebaki siku tisa. Hayakutaja jina la ugonjwa, wala hayakuleta dawa. Yalisema protini ile ilikuwa nyingi mno: nyuzi za neva zilikuwa zikiharibika kweli. Bi. Yudith aliipeleka barua ya daktari shambani yeye mwenyewe, na msimamizi alipoigeuzageuza asielewe, akamwambia, "Mwanangu, wewe ni mtu wa mkonge. Kamba ikianza kulika, huoni vumbi lake chini? Basi tumeliona vumbi la kamba za mtu huyu." Msimamizi akakuna kichwa. Bahati akapewa kazi ya kukaa, kuchambua nyuzi za brashi, na nyumba akabaki nayo.

Dada Yudith, asante kwa mikono yako na kwa ukweli wako. Mungu akupe pumziko lenye afya, shamba lako la tangawizi lisitawi, na wajukuu wakuchoshe kwa furaha tu.

Tutamuaga Jumapili tarehe 28, baada ya ibada. Bahati sasa anatembea kwa magongo mawili, na ameleta salamu kwamba atapanda mlima hata kwa kutambaa, kwa sababu anataka kusema neno mbele ya watu. Asitambae. Mwenye gari litakalopita shambani siku hiyo, tafadhali anijibu mapema.

Eliufoo, wodi ya wanaume