Zamu ya Preben

Kijiwe chetu ni benchi la mbao nje ya duka la mbegu la ushirika, huku Jutland ya magharibi, Denmark, upande wa ukuta usiopigwa na upepo. Mimi sina shamba. Niliendesha lori la maziwa mpaka mgongo ukagoma. Sasa kazi yangu ni kuja na chupa ya kahawa na kusikiliza uongo. Wenye mashamba ni Laust, tunayemwita Setilaiti, kwa sababu hata mvua ikimnyeshea huuliza simu kwanza. Inger, jina lake la kijiweni Dizeli, maana trekta lake huamsha kijiji kizima. Na Evald, yaani Jaji, ambaye tangu azaliwe hajawahi kukosea. Hao watatu walichanga na jirani yao Preben wakanunua mashine moja ya kupandia, na programu ya kwenye simu ndiyo huwapangia nani aanze. Shamba la Preben ni la mchanga, hukauka mapema, kwa hiyo kila mwaka yeye ndiye wa kwanza. Preben tulimzika Februari. Sasa ni Aprili, jua limetoka, na mashine bado iko ghalani kwake.

Setilaiti: Programu imelia tena. "Preben, udongo uko tayari, anza kupanda."

Dizeli: Izime basi, unatutia simanzi asubuhi asubuhi.

Setilaiti: Nikiizima nitajuaje zamu yangu?

Dizeli: Wewe naye. Wa pili ni wewe, wa tatu mimi, Jaji wa mwisho kwa sababu ana kinamasi.

Jaji: Si kinamasi. Ni udongo mzito.

Setilaiti: Zamu haisogei mpaka wa mbele abonyeze "nimemaliza". Nani ambonyezee?

Dizeli: Wewe. Si una vidole?

Setilaiti: Niseme Preben amemaliza? Mimi?

Ndivyo tulivyo watu wa huku. Mlango wa ghala haufungwi, mashine inaonekana kutoka barabarani, lakini mtu haruki foleni hata kama aliye mbele yake yuko makaburini. Nilitaka kuwacheka nikashindwa. Nilimpenda yule mzee, na tangu tumzike kahawa hainipandi.

Jaji: Tulieni. Binti yake anakuja leo kutoka mjini Aarhus. Vuli shamba linauzwa, ila anataka lipandwe mara moja ya mwisho vile baba yake alivyotaka. Atuambie, tupande, tumalize.

Dizeli: Sasa cha kungoja nini? Simu inasema shayiri.

Setilaiti: Inasema shayiri kwa sababu mwaka jana ilikuwa shayiri. Mtu asipoigusa, inarudia yenyewe. Preben hajaigusa tangu mavuno.

Dizeli: Basi hakutaka shayiri. Angetaka angeigusa.

Jaji: Umeongea kitu. Alitaka miti ya Krismasi. Kila aliyechoka huku anapanda miti ya Krismasi, anakaa dirishani anaitazama.

Dizeli: Mzee wa umri ule angoje mti ukue?

Jaji: Kwani kungoja kuna umri?

Dizeli: Acha hizo. Alitaka njegere. Nilimkuta dukani anashika pakiti ya njegere, anaigeuza geuza.

Jaji: Ile ya supu?

Dizeli: Njegere ni njegere.

Setilaiti: Nyote mmepotea. Alitaka maua, shamba zima, mekundu. Marehemu mkewe alipenda mekundu. Yangeonekana mpaka kwenye picha za kutoka angani.

Jaji: Alikwambia?

Setilaiti: Hakuniambia. Nimewaza tu.

Zamani tusingekuwa na haja ya kuwaza. Kila Januari, barafu ikishika mashamba, walizunguka nyumba kwa nyumba kwa kahawa na keki ya siagi, swali moja tu: mwaka huu unapanda nini? Walibishana mpaka saa ya kukamua ng'ombe. Ilipokuja programu, kila mmoja akaona shamba la mwenzake kwenye simu, kila zao na rangi yake, akiwa kitini kwake, na safari zile zikafa bila mtu kuzifuta. Hata mimi, ambaye sina programu, niliacha kwenda, maana sikuwa na wa kumfuata.

Gari dogo likasimama. Akashuka mwanamke wa makamo, macho mekundu, viatu vya mjini. Ndiye Maiken, binti wa Preben. Dizeli alisogea akampa nafasi, nami nikammiminia kahawa.

Maiken: Asanteni kwa kungoja. Najua nimewachelewesha.

Jaji: Hujatuchelewesha, binti yangu. Wewe sema tu. Tunapanda nini?

Maiken: Ndicho nilichokuja kuwauliza. Baba alitaka kupanda nini?

Jaji akakohoa. Nilingoja aseme miti, au Dizeli aseme njegere. Hakuna aliyethubutu mbele ya uso ule.

Dizeli: Simu inasema shayiri, mama.

Maiken: Hiyo nimeiona, alinipa namba zake za siri. Nilikuwa naifungua kila Jumapili. Naona mashamba yote yamepangwa, nasema baba hajambo. Mimi nauliza lililotoka mdomoni mwake. Alimwambia nani?

Setilaiti aliinamia buti zake. Jaji, mtu wa hukumu, alimtazama Dizeli. Dizeli akanitazama mimi, nami sikuwa na wa kumtazama.

Maiken: Hata mmoja?

Dizeli: Tulidhani anakuambia wewe.

Maiken: Mimi nilidhani anawaambia nyinyi.

Akalia, bila kujificha, na Dizeli akamshika mkono. Alipotulia alisema lirukeni, shamba la baba lisipandwe kitu, mashine iende kwa Laust. Laust, Setilaiti wetu, alikuwa ameisubiri zamu hiyo wiki nzima. Akasema, "Ngoja kwanza, mama, tumalize kahawa." Kahawa chupani ilikuwa imekwisha, na wote tulijua.